Kovu Kwenye Mguu wa Swala

Kila nikikumbuka nilivyolishika lile karai, nabana meno, na si kwa woga. Mimi ni mwoga, hilo Igoma nzima, mtaa wetu hapa Mwanza, inalijua. Mgeni akibisha hodi najificha chumbani mpaka aondoke. Lakini siku ile ilikuwa hasira, na haijaisha mpaka leo.

Nianze na mama. Mama yangu anakaanga mapanki kando ya barabara ya kwenda Musoma. Panki ni kinachobaki kiwandani sangara akishatolewa minofu: kichwa, uti wa mgongo, mkia, na vinyama ambavyo kisu kimevisahau. Minofu inapakiwa kwenye maboksi, inapanda ndege. Sisi tunaoishi hapa ufukweni ziwa lilipo tunanunua mifupa. Redioni wanasema ni soko huria, kila mtu yuko huru kuuza na kununua. Mama naye yuko huru kununua mifupa.

Mapanki yana mafuta, na mafuta yale yana harufu isiyotoka. Inaingia kwenye kanga, kwenye nywele, kwenye mkate. Inaingia hata kwenye pesa. Nilipoanza kidato cha kwanza nilipeleka shuleni sarafu alizonipa mama, za mchango wa chaki, na kiranja akazinusa mbele ya darasa zima. "Jamani, hela hii imevuliwa au imetengenezwa?" Wakacheka mpaka wakagonga madawati. Kuanzia siku hiyo jina langu shuleni likawa Panki. Sikumjibu. Mimi huwa simjibu mtu, maneno yanakuja baadaye, nikiwa peke yangu, na yakija yanakuwa mazuri sana na hayana kazi tena.

Nilimwambia mama. Jioni ile akachota majivu jikoni, akakata ndimu, akaanza kuosha sarafu zote za siku kama anavyosugua masufuria. Kisha akazipiga sabuni. Hakuacha tena. Wenzake wa mapanki walifuta zao kwa pindo la kanga, basi. Mama aliosha. Sarafu zake za mia, zile za rangi ya dhahabu zenye swala wanaokimbia, ziling'aa kama zimetoka benki asubuhi hiyo. Aliziosha kwa sababu yangu. Ukilisahau hilo hutaelewa kwa nini nina hasira.

Kazi yangu ilikuwa kuzisuuza na kuzianika kwenye ungo. Na kwa vile mimi siwezi kumtazama mtu usoni, macho yangu yamezoea kukaa chini, kwenye mikono na kwenye vitu. Nilizitazama zile sarafu kuliko mtu yeyote Mwanza, nadhani. Nikaanza kuona kwamba hazifanani.

Kuna zilizoumizwa na watu: zilizopigwa nyundo, zilizotobolewa ili zivaliwe shingoni, zilizolazwa kwenye lami magari yakazipitia. Hizo zina huzuni ya kawaida. Lakini kuna nyingine zilizokosewa tangu kuzaliwa. Niliwahi kuona moja ambayo ukiigeuza kama unavyofungua ukurasa, swala wanakuwa miguu juu, kichwa cha rais kikiwa sawasawa upande wa pili. Niliona nyingine imepungua ubavuni kama chapati iliyong'atwa, ila pale ilipong'atwa ni laini, na ukingo wa upande unaotazamana napo ulikuwa hafifu, kama nao umesikia maumivu. Mtu akikata sarafu kwa msumeno hapati hivyo. Niliona moja ambayo maandishi yake yalififia upande mmoja tu, ilhali kila kitu kingine kilikuwa kikali kama kipya. Sarafu iliyochakaa huchakaa kote, haichagui.

Sikuzitunza. Nani atunze mia nyumbani kwetu? Nilizitazama, nikazisuuza, kesho zikaenda kununua mafuta ya taa.

Kipindi kile cha pamba, mwaka juzi, zilianza kuja sarafu mpya nyingi. Wanunuzi binafsi walikuwa wameingia Misungwi na vijiji vya huko na mifuko ya pesa, wanawalipa wakulima papo hapo. Wafanyabiashara wa Misungwi wakaja kwetu kununua mapanki makavu kwa gunia, na pesa hizo zikaja nao. Ndipo nikaona kovu. Mstari mwembamba uliotoka kwenye ukingo wa sarafu, ukapanda mpaka kwenye mguu wa nyuma wa swala mmoja. Ukipitisha ukucha, unakwama kidogo, kwa sababu mstari ulikuwa umetuna. Kesho yake nikaona nyingine, kovu lile lile, mguu ule ule. Nikafurahi peke yangu, kama mtu aliyekutana na ndugu wawili wanaofanana pua.

Wanawake wa mapanki wana kikundi. Kiwanda hakimuuzii mtu mmoja mmoja, getini mlinzi anauliza kwanza, "Kikundi gani?" Kwa hiyo alfajiri wanakusanyika, kila mmoja anatoa pesa yake, mweka hazina anapokea, wawili wanakwenda getini na mkokoteni, mzigo ukija wanagawana. Asiyetoa hapati. Asiye na kikundi hana samaki, na asiye na samaki hana kazi. Nafasi ya mama pale ndiyo ugali wetu, ndiyo daftari zangu, ndiyo kila kitu.

Mweka hazina ni mama mnene, mcheshi, mwenye sauti inayofika ng'ambo ya barabara. Pesa za kikundi anazifunga kibindoni. Asubuhi mambo yalipoharibika nilikuwepo, nilikuwa nimembebea mama karai kabla ya kwenda shule. Habari za pesa feki zilikuwa zimezagaa mjini. Walisema kuna mtu Mirongo amekamatwa na kopo zima, walisema utazijua kwa kung'aa. Nani alisema? Walisema.

Mweka hazina alipokea za mama kiganjani, akasita.

"Mayu, mama mwenzangu, mbona zako zinang'aa hivi? Zimekwenda harusini?"

Wenzake wakacheka. Mama naye akacheka. "Naziosha, mwenzangu. Binti yangu yuko sekondari, hataki hela inukie."

"Hee! Sisi wengine tunanuka, wenzetu wanasomesha." Wakacheka tena. Halafu kicheko kikamkauka. Alikuwa ameinua sarafu moja karibu na jicho. Akachukua ya pili, akachukua ya tatu. "Hebu njooni. Oneni hapa mguuni. Na hii. Na hii. Mstari ule ule." Akazishusha taratibu. "Jamani, hizi zimetoka kwenye tanuri moja."

Najua mnavyofikiri, kwamba alikuwa mjinga. Hakuwa mjinga. Aliona sawasawa kabisa, zilitoka mahali pamoja. Alikosea mahali penyewe tu.

"Nizitoe wapi mimi?" mama akasema. "Nina kiwanda jikoni kwangu?"

"Igoma hii mafundi wamejaa. Wanatengeneza majiko, watashindwa mia? Na kaka yako anajuana nao wote."

"Kaka yangu anauza mitumba!"

"Ndiyo hivyo hivyo." Akazirudisha zote kwenye kiganja cha mama, hata zile zisizo na kovu, na akajipangusa mkono kwenye kanga. Kule kujipangusa! Mtu anayeshika matumbo ya samaki tangu alfajiri akajipangusa baada ya kugusa pesa safi za mama yangu. "Mpaka tujue mbivu na mbichi, wewe kaa pembeni kwanza. Tusije tukakamatwa wote getini."

Hakuna aliyemtetea. Wanawake aliowapikia uji walipojifungua, wote wakatazama mkokoteni. Mama akanyanyua karai lake tupu. Mimi nikatazama chini, kama kawaida, nikaona vidole vya miguu yake vimejikunja ndani ya kandambili.

Mama alijaribu kwenda getini peke yake. Mlinzi akamuuliza, "Kikundi gani?" Akarudi. Akajaribu karanga, lakini kila mtu anauza karanga. Sufuria kubwa la kukaangia likageuzwa kifudifudi uani na kuku wakaanza kulilalia. Jirani aliyekuwa anakuja kukopa chumvi akawa haji. Mtoto wake aliniambia bila kuficha, "Mama amesema kwenu mnatengeneza hela." Nikatamani iwe kweli, walau tungekula.

Na mama hakuacha kuosha. Hata zile chache za karanga, ambazo hazikunuka chochote, jioni aliziosha kwa majivu na ndimu. Nilitaka kumpigia kelele, acha, ndicho kilichokuponza. Nikazisuuza.

Jibu nililipata kwenye sabuni. Kuna watu wanachemsha sabuni ya mche karibu na kwetu, wanaigonga muhuri wa chuma ili ionekane ya dukani. Muhuri wao umepata ufa. Kila mche una mstari uliotuna unaokatiza ua lililochorwa pale, mahali pale pale, kila mche. Nilikuwa nafua, nikaukuta kwa kidole gumba. Nikaacha kufua. Mwalimu wetu wa fizikia aliwahi kuligusia tu jambo hilo, kwamba sarafu hupigwa muhuri kwa nguvu. Basi ni sabuni hiyo hiyo. Muhuri ukipasuka, madini yanaingia kwenye ufa kama sabuni inavyoingia, yanatoka yametuna. Na kila sarafu itakayopigwa na muhuri ule itatoka na kovu lile lile mpaka muhuri ubadilishwe. Mtu wa mtaani hawezi kutunisha mstari kwa msumari. Msumari unachimba.

Na zaidi ya hapo: kama zilikuja na pesa za pamba, basi hazikuja kwa mama peke yake. Wenzake wote walikuwa nazo. Zao zilikuwa nyeusi tu, kovu limefunikwa na mafuta na masizi.

Nilikuwa na haya yote kichwani na sikuwa na mdomo wa kuyasemea. Ndipo nikamwendea mjomba.

Mjomba, mdogo wake mama, anauza makoti ya mitumba na yeye mwenyewe ndiye anayevaa lililo zuri zaidi. Vyama vingi vilipoingia akagundua kwamba ana sauti nzuri, na tangu hapo anautaka uenyekiti wa mtaa. Nilimkuta anapiga pasi kola. Nilimweleza nikiwa natazama pasi. Nilimwonyesha sabuni. Nilimwambia mara mbili, kwa sababu niliona anatabasamu kabla sijamaliza: "Mjomba, alama iliyotuna mahali pale pale ni ya muhuri. Alama iliyobonyea ni kidonda cha mtaani, mtu kaikwangua, kaigonga. Lakini hiyo nayo ni pesa halali. Kidonda hakiifanyi feki. Feki inajulikana kwa mambo mengine."

"Mpwa wangu, una akili wewe," akasema, akatia sabuni yangu mfukoni. "Niachie mimi."

Nikamwachia.

Siku aliyoichagua ilikuwa Jumamosi, watu wengi. Alikuja pale kikundi kinapokusanyika, amevaa koti la kijivu na jua lote lile. Akasalimia kila mtu, akawaita mafundi wa majiko waje, akawaita na waendesha mikokoteni. Mama alisimama mbali, amejifunga kanga mpaka mdomoni. Mimi niliambiwa nilete maji, majivu na ndimu.

"Shika karai," mjomba akaniambia. "Juu kidogo, watu waone."

Nikashika karai.

"Mama yetu mweka hazina, shikamoo."

"Marahaba. Na hilo koti, unakwenda bungeni?"

Kicheko. Mjomba akacheka kuliko wote. "Nitakwenda, mkinipeleka. Leo nimekuja na ombi dogo. Dada yangu mmemwita mtengeneza hela. Sawa. Naomba utoe za kikundi, tuzioshe kama anavyoosha yeye. Kama huogopi."

"Niogope nini mimi?" Akafungua kibindo pale pale na kuzimwaga kwenye karai langu. Zilikuwa nyeusi kama vifungo vya koti la marehemu. Mjomba akakunja mikono ya shati, akasugua. Maji yakachafuka. Akatoa ya kwanza, safi, hakuna kitu. Ya pili, hakuna. Akazamisha mkono tena. Ya tatu akaitazama muda, halafu akampa mweka hazina.

Mweka hazina akapitisha ukucha. Akarudia.

"Kuna nini?" mtu akauliza nyuma.

"Kovu," akasema kwa sauti ndogo.

Nyingine. Kovu. Nyingine tena. Fundi mmoja akapasuka kicheko: "Kumbe na wewe mama una tanuri kibindoni!" Watu wakashangilia, na mweka hazina, lazima niseme ukweli, akajicheka mwenyewe mpaka machozi, akamvuta mama kwa mkono na kumweka katikati.

Na hapo mjomba akaanza kuhutubia. "Mimi jambo hili nimelichunguza muda mrefu," alisema. Akatoa sabuni yangu mfukoni. Sabuni yangu, bado ina alama ya kidole changu! Akaeleza muhuri, akaeleza ufa, maneno yangu yote kwa mpangilio wangu, mpaka pale niliposema "kama sabuni inavyoingia". Sentimita chache kutoka kwangu. Sikuwa naomba kupigiwa makofi, ningekufa kwa aibu wakinipigia. Lakini angeweza kunitazama. Mara moja tu, kwa pembe ya jicho. Nilikuwa nimeshika karai la maji machafu, mikono inaniuma, na kwa mjomba nilikuwa meza.

"Wabeja, wabeja sana!" wanawake walimshukuru kwa Kisukuma, wakipiga makofi.

Kisha mmoja akauliza, "Na yenye alama iliyobonyea je?"

Mjomba hakusita hata kidogo. "Hiyo ndiyo feki. Iliyotuna ya serikali, iliyobonyea feki. Kumbukeni hivyo tu."

Maji yakamwagika kwenye miguu yangu. Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua. Makofi yakawa mengi, mweka hazina akawa anamfungia mjomba kichwa kikubwa cha sangara kwenye gazeti, na mdomo ukajifunga wenyewe.

Nyumbani mama alikuwa anaimba. Alilipindua sufuria, akafukuza kuku, akalisugua huku anaimba. "Mjomba wako anakuja kula. Mpokee vizuri, umshukuru."

"Amekosea," nikasema.

"Nani?"

"Amewaambia iliyobonyea ni feki. Si kweli. Nilimwambia si kweli."

Mama akaacha kusugua. "Unafikiri sijui ni wewe? Nani mwingine humu anazikodolea sarafu macho? Yule kaka yangu hajui hata za kwake zimekwenda wapi." Akashusha sauti. "Lakini wamenirudisha, mwanangu. Acha. Tusichokonoe."

Acha! Neno hilo liliniuma kuliko sabuni yangu mfukoni mwa mjomba. Mjomba alikuja, nikamwamkia nikiutazama mlango, akala kichwa cha sangara mpaka macho ya samaki, akasema sasa mtaa mzima unamfahamu. Nilipeleka maji ya kunawa. Kwenye karai lile lile.

Haikuchukua muda. Ilikuwa likizo, nilikuwa nakwenda na mama kila alfajiri. Katika kikundi kuna bibi mmoja kutoka Ukerewe, mdogo wa umbo, anayenunua fungu dogo kuliko wote. Hela yenyewe anaiita hera, kwa lafudhi ya kwao, na vijana wa mikokoteni humwigiza. Asubuhi hiyo alitoa zake, na moja ilikuwa na mkwaruzo mrefu usoni. Mjukuu wake alikuwa ameichezea kwa msumari, alisema mwenyewe kabla hajaulizwa.

Mweka hazina akapitisha ukucha. Siku hizi alikuwa anapitisha ukucha kwenye kila sarafu, kama daktari.

"Bibi, hii imebonyea."

"Ni mjukuu, mwanangu. Msumari."

"Imebonyea ni feki. Si tulifundishwa?" Akawageukia wenzake. "Si tulifundishwa hapa hapa?"

"Tulifundishwa," wakaitikia. Na mama yangu alikuwa miongoni mwao, amekaa kimya. Mama yangu, aliyetemwa na watu hawa hawa!

"Hera yangu ni ya haki," bibi akasema. Kijana mmoja akamwigiza, "Hera, hera," watu wakacheka. Mweka hazina akamrudishia zote, pamoja na nzuri, na akajipangusa mkono kwenye kanga.

Ni ule mkono. Nadhani asingejipangusa ningenyamaza mpaka leo.

"Si feki!" nilisema. Sauti ilitoka kali, mbaya, kama ya mbuzi. Wote wakageuka. Sikuwa nimewahi kuziona nyuso zao zote kwa pamoja.

"We binti, nani kakuuliza?"

"Nikopeshe sarafu."

"Nini?"

"Yoyote. Ya kwako. Unayojua ni nzuri."

Alinipa kwa mshangao, nadhani, si kwa hiari. Kisu cha kuparia magamba kilikuwa pale kwenye ndoo. Nikaiweka ile sarafu juu ya jiwe, nikaibana kwa kidole, nikaichora kwa nguvu zangu zote kutoka ukingo mpaka ukingo, nikikatiza swala wote. Kisu kililia vibaya. Mtu akasema, "Mungu wangu."

"Umeniharibia hela!" Mweka hazina alikuwa amesimama.

Nikamrudishia. "Pitisha ukucha."

Hakupitisha.

"Pitisha! Imebonyea. Sasa ni feki? Dakika hii hii ilikuwa nzuri mkononi mwako. Imekuwa feki saa ngapi? Nimetengeneza hela hapa mbele yenu? Nifungeni basi!" Nilikuwa nalia, kamasi zinatoka, na sikujali. "Bibi amekuambia ni msumari. Amekuambia kabla hujamuuliza. Mnamcheka kwa sababu ni mnyonge. Mama yangu mlimfanya hivyo hivyo kwa sababu ni msafi!"

Mkokoteni ulipita na hakuna aliyeupisha, ukazunguka.

"Mtoto huyu hana adabu," mweka hazina akasema, lakini taratibu, akiwa bado anatazama ile sarafu. "Kaka yako mwenyewe ndiye aliyetuambia. Au siyo, mayu?" Alikuwa anamwuliza mama.

Mama akainuka. Nilijua anakuja kunizaba kofi, nikalisubiri. Akanipita. Akaichukua ile sarafu kutoka mkononi mwa mweka hazina, akafungua pindo la kanga, akampa nyingine badala yake, safi, inang'aa.

"Hii iliyochorwa naichukua mimi," alisema. "Na kaka yangu hakuchunguza chochote. Aliambiwa na huyu. Mambo ya sabuni, mambo ya ufa, yote ya huyu. Kaka yangu alikariri nusu, nusu akaitunga."

"Kwa hiyo alitudanganya?"

"Aliwahutubia," mama akasema.

Mtu mmoja akaguna, halafu kicheko kikaanza pembeni, kidogo kidogo. Mweka hazina hakucheka. Alimnyooshea bibi kiganja bila kumtazama. "Lete, bibi. Zote."

Kichwa cha sangara hakuna aliyenipa, na sikukitaka. Mjomba alipata habari kabla ya saa sita, mtaa huu hauna siri, na alikuja kumwambia mama kwamba nimemwaibisha na kura zake zimekwenda na maji. Mama akamwambia aketi ale. Alikula. Kunisema hakuthubutu, na mimi sikumwamkia, na mama hakunilazimisha. Bado simwamkii vizuri. Najua ni vibaya.

Mama naye sijammalizia hasira yote. Alikaa kimya sana kabla ya kuinuka. Nikimwosha mgongo wakati mwingine nakumbuka kimya kile, nasugua kwa nguvu, naye anasema, "Polepole, mimi si sufuria."

Asubuhi iliyofuata mama alitoa pesa zake kwenye kikundi, na ile niliyoichora aliiweka juu kabisa, makusudi. Ilikuwa imeoshwa. Mchoro ulionekana kutoka mbali. Mweka hazina akaichukua peke yake, akaweka ukucha mwanzo wa mchoro, akaupitisha polepole mpaka mwisho. Kisha akaniangalia.

Sikuangalia chini. Nilimwangalia mpaka alipoitia kibindoni na kusema, "Anayefuata."